Kwa Nini Watu Hupenda Hadithi za Kutisha

Katika mambo ya mwanadamu liko moja ambalo mtu akilitazama vema huona kuwa ni la ajabu. Mchana mtu huikimbia hofu. Akiona nyayo za chui karibu na zizi, hupita njia nyingine. Akisikia mlio asioujua porini, huongeza mwendo. Lakini jioni, akiisha kula na kukaa na wenzake, mtu yule yule huomba asimuliwe habari za zimwi, na za fisi aliyegeuka mtu, na za msafiri aliyelala katika nyumba ya wafu pasipo kujua. Watoto wa Unyiha, wa Unyamwanga na wa Undali hufanya hivyo. Watoto wa pwani na wa Ulaya hufanya hivyo pia. Tena mtoto aogopaye kuliko wote ndiye asemaye, "Endelea, bibi."

Twataka kuuliza sababu ya jambo hili, nasi twataka kuiuliza kwa kuyatazama mambo yaliyotokea katika nchi hii yetu ya mpakani na katika nchi za jirani, tangu siku za kutekwa watumwa hata siku zetu. Maana tutaona ya kuwa swali hili si la mchezo tu. Wako watu waliopoteza maisha yao kwa sababu wengine hawakujua kupambanua hofu ya hadithi na hofu ya kweli.

Wenye elimu wa kale waliliuliza swali hili kabla yetu. Wa kwanza tumtajaye ni Mwafrika, Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, katika nchi iitwayo leo Aljeria, naye akawa askofu wa Hippo. Katika kitabu chake cha Maungamo akumbuka jinsi alivyopenda kutazama michezo ya kuigiza alipokuwa kijana akisoma Karthago. Ajiuliza kwa nini mtu hupenda kutazama msiba ambao yeye mwenyewe hangependa umpate, na kwa nini mtazamaji asipotiwa huzuni huondoka akinung'unika kana kwamba amepunjwa. Wa pili ni Edmund Burke, mtu wa Ailandi, ambaye mwaka 1757 alitoa kitabu juu ya mambo yaushtuayo moyo wa mwanadamu. Yeye alisema kwamba hofu huweza kumpa mtu furaha ya namna yake, mradi hatari yenyewe isiwe karibu mno.

Maneno haya twaweza kuyapima katika miili yetu wenyewe. Hadithi ifikapo mahali pa kutisha, moyo huenda mbio, viganja hutoka jasho, na masikio husikia hata jani likianguka nje. Mwili wajiweka tayari kupigana au kukimbia. Lakini akili yajua ya kuwa zimwi halimo nyumbani: mlango umefungwa, moto wawaka, na bibi aketi pale pale akikoroga makaa. Hadithi ikiisha, nguvu zile zilizokusanyika hazina kazi, nazo hutoka kwa kicheko. Ndiyo maana watoto waliokuwa wakitetemeka hucheka kwa sauti kubwa kuliko watoto waliosimuliwa habari za sungura.

Na liko faida zaidi ya kicheko. Mtoto asikiaye jinsi zimwi lilivyomdanganya msichana kwa sauti ya mamaye, hujifunza kutomfungulia mlango kila abishaye. Asikiaye habari za kijana aliyejitenga na wenzake njiani, hujifunza kutembea pamoja na watu. Huijua hofu ilivyo, na jinsi inavyoanza, na jinsi inavyokwisha, kabla haijamkuta kwa kweli. Tena waoga kumi wakiogopa pamoja husogeleana. Na mara nyingi wazee hupata kwa hadithi moja umoja ambao hawakuupata kwa maonyo mengi.

Basi, kama Burke alisema kweli, kwamba raha ya hofu yataka hatari iwe mbali, yatupasa kuona katika historia ya kwamba mtu aliye ndani ya hatari hasimulii kwa raha. Na ndivyo tuonavyo.

Katika miaka ya 1880 na ya mwanzo wa 1890, nchi hii iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ilikuwa nchi ya hofu. Wabemba walikuja kuteka watu na ng'ombe. Karibu na Karonga, kusini ya mto Songwe, mfanyabiashara Mlozi alijenga boma lake na kupigana na watu wa Ngonde na Kampuni ya Maziwa tangu mwaka 1887, hata akashindwa na kunyongwa mwezi wa Desemba 1895. Wanyiha wengi walikaa katika vijiji vikubwa vilivyozungushiwa maboma ya miti, na mwanamke aliyekwenda kisimani hakuwa na hakika ya kurudi. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kufikia mwaka 1900 walikuwa wamekwisha kujenga Mbozi.

Baadaye, vita vilipokwisha, mambo ya siku zile yalianza kusimuliwa. Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmisionari, aliketi na wazee wa nchi, akaandika hadithi na desturi za Wasafwa katika vitabu vilivyotoka kati ya mwaka 1926 na 1929. Masimulizi ya maisha ya wanawake waliokuwa wametekwa na kuuzwa pia yaliandikwa katika misheni hizi, miongoni mwao Narwimba na Meli, na mwanahistoria Marcia Wright aliyakusanya tena katika kitabu chake cha mwaka 1993. Meli alitekwa na Wabemba akiwa mtoto. Msomaji atambue jambo hili: wanawake hawa walieleza mateso yao walipokuwa wamepata mahali pa kukaa salama, na mtu wa kuwasikiliza. Walipokuwa katika kamba za watumwa hawakuwa na hadithi. Walikuwa na njaa, na vidonda, na hesabu ya siku.

Mfano wa pili watoka kwa jirani zetu wa upande wa Njombe. Tangu mwaka 1932 hata mwaka 1947, simba wala watu waliisumbua nchi ile. Bwana nyama George Rushby, aliyepelekwa kuwaua, alikisia ya kuwa watu waliokufa walikuwa kama 1,500. Yeye aliona ya kuwa simba wale walikosa mawindo yao, kwa kuwa serikali ilikuwa imewaua wanyama wa porini ili kuzuia sotoka isiwafikie ng'ombe. Wenyeji wengi lakini waliamini ya kuwa simba walitumwa na Matamula Mangera, aliyekuwa ameondolewa katika ujumbe wake. Nao hawakukaa jioni kusimulia habari za simba hao kwa kujifurahisha. Waliogopa hata kuwataja, wakidhani kutajwa kwao kutawaita. Rushby na watu wake waliua simba 15, na mauaji yakakoma. Lakini wako waliosema yamekoma kwa sababu Matamula alirudishiwa ujumbe wake.

Hapa twaona mpaka ulio wazi. Zimwi la hadithi hutajwa kwa jina nalo halina la kutudhuru. Simba aliye mlangoni hatajwi. Kwa hiyo twasema ya kwamba hadithi ya kutisha ni tunda la amani, na kijiji ambacho watoto wake huomba zimwi ni kijiji ambacho watoto wake hulala salama.

Lakini ziko habari za namna ya tatu, nazo ndizo zilizotufanya tuandike. Hizi si hadithi za motoni, wala si hatari iliyoonekana kwa macho. Ni uvumi. Huvaa nguo za hadithi, zikawa tamu kusikia. Tena huvaa nguo za habari za kweli, zikaaminiwa.

Mkubwa wa uvumi huu katika nchi za Kiswahili ni ule wa mumiani. Neno lenyewe ni la zamani. Limo katika kamusi ya Krapf, mmisionari wa Rabai karibu na Mombasa, iliyopigwa chapa mwaka 1882, na hapo lahusianishwa na dawa idhaniwayo kutengenezwa na Wazungu kwa damu ya watu. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yaeleza ya kwamba mumiani ni kitu cheusi kama utomvu, kisemwacho kuletwa kutoka Uajemi, ambacho watu walikitumia kwa mifupa iliyovunjika na maradhi mengine. Lakini wengi waliamini ya kuwa ni damu ya mtu iliyogandishwa. Tena yaeleza ya kwamba uvumi ukianza mjini, watu hawatoki nje baada ya jua kutua.

Kutoka pwani hata bara uvumi huu ulibadili majina. Huku Tanganyika wengine walisema chinja-chinja. Kenya na Uganda walisema wazimamoto. Katika Rhodesia ya Kaskazini, iitwayo leo Zambia, walisema banyama. Katika miaka ya 1930 habari za banyama zilienea sana katika nchi ya Wabemba na jirani zao. Walisemwa kuwa humvizia mtu wa pekee njiani, wakamfanya asijiweze, kisha wakaichukua damu yake au kumwuza mbali.

Na njia ya habari hizo ilipita kwetu. Mkataba wa Waingereza na Wadachi wa mwaka 1890 uliweka mpaka ukawagawa Wanyamwanga, hawa huku na wale huko, lakini haukuzuia miguu ya watu. Wanaume wa Rhodesia na wa Nyasa walivuka kwenda kuchimba dhahabu ya Lupa katika Chunya, na wengine kwenda kukata mkonge karibu na pwani. Walikwenda kwa miguu siku nyingi, wakilala mahali wasipojulikana. Wengine walirudi na nguo na fedha. Wengine hawakurudi, wala hapakuwa na barua. Mama aliyemngoja mwanawe mwaka wa tatu alitaka neno la kueleza kimya kile, na neno banyama lilikuwa tayari.

Mwanahistoria Luise White, aliyetoa kitabu juu ya mambo haya mwaka 2000, hakuwacheka walioyasema. Alisikiliza ili ajue habari hizo zasema nini juu ya siku zile. Nasi twaona ya kuwa shauri lake ni jema. Watu waliona daktari akitoboa kidole na kuchukua damu, wala hawakuelezwa yaenda wapi. Waliona kazi ikiwamaliza vijana nguvu zao. Uvumi haukuwa kweli, lakini ulitungwa kwa vipande vya mambo ya kweli, kama vazi kuukuu lishonwavyo kwa viraka vya nguo nzima.

Basi, yatupasa kusema wazi tofauti iliyopo kati ya hadithi ya zimwi na uvumi wa mumiani, maana utamu wake ni mmoja. Hadithi ina mwisho: zimwi hufa, au hukimbia, au hupasuliwa tumbo wakatoka wote waliomezwa. Uvumi hauna mwisho. Huachwa wazi usiku huu ili uendelee kesho. Tena zimwi la hadithi halina kijiji wala ukoo, na hakuna ajuaye lakaa wapi. Lakini uvumi watafuta uso. Haupumziki hata upate mtu wa kumwonyesha kidole, na mara nyingi mtu huyo ni mgeni, au mwenye kazi isiyoeleweka, au mzee akaaye peke yake. Na la tatu, baada ya hadithi watu hulala. Baada ya uvumi watu hukesha wameshika marungu.

Wala tusifikiri ya kuwa haya ni mambo ya babu zetu tu. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino katika mkoa wa Dodoma, watafiti wawili kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Seliani, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na wanakijiji, na gari lao likachomwa moto. Walikuwa wamekuja kuchunguza udongo, kazi ya kumsaidia mkulima. Walidhaniwa kuwa wanyonya damu. Habari za siku zile zilieleza ya kwamba mwito wa kukusanya watu ulitolewa kwa kipaza sauti cha kanisa. Mwaka uliofuata, Septemba na Oktoba 2017, uvumi wa wanyonya damu uliwaka kusini ya Malawi, hasa Mulanje na Phalombe, na watu wasiopungua 8 waliuawa na makundi. Kisha mwanzo wa mwaka 2020, nchini Zambia, zilienea habari za watu wasiojulikana wapuliziao moshi wa sumu ndani ya nyumba usiku. Makundi yenye hasira yaliua watu zaidi ya 40. Msomaji wa Tunduma ajua ya kuwa kati yake na Zambia pana hatua chache, na kwamba malori yachukuayo shehena huchukua na maneno. Siku hizi maneno hayangoji lori. Hupita kwa simu kabla dereva hajawasha moto.

Hapa mtu atatujibu kwa methali: Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani. Atatukumbusha ya kuwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika mkoa wa Mbeya, ambao mpaka mwaka 2016 ulikuwa na wilaya zetu hizi ndani yake, maiti zilionekana zimechunwa ngozi, na watu wakakamatwa. Hayo hayakuwa hadithi. Je, waliosema tujihadhari walikosa?

Twajibu ya kuwa hawakukosa kujihadhari, nasi hatusemi uovu haupo. Lakini yatazameni mambo haya mawili. Kwanza, mauaji ya ngozi yalijulikana kwa maiti iliyoonekana na kwa jina la marehemu, na watu waliokamatwa walipelekwa mbele ya sheria. Katika Iringa Mvumi hapakuwa na maiti, wala jina, wala jeraha, mpaka wanakijiji walipoyafanya wenyewe. Pili, ni nini kilichomfanya mtu amchune mwenzake? Ni kuamini ya kuwa katika ngozi ya mtu mna nguvu za kuleta mali. Nayo ni hadithi ya kutisha iliyoacha kuwa hadithi, ikanunuliwa na kuuzwa. Basi imani ile ile imezaa maovu ya namna mbili: mmoja aliamini akaua ili atajirike, na wengine waliamini wakamwua asiye na hatia ili wapone. Methali ile itufae kwa kutuamsha tuchunguze, isiwe hukumu iliyokwisha kutolewa.

Twaulizwa tena: kwa nini basi mtu mwema, mkristo, baba wa watoto, huuchukua uvumi na kuupeleka kwa jirani? Twadhani ni kwa sababu ya utamu ule ule tuliouanza nao. Aletaye habari ya kutisha husikilizwa. Wanawake huacha vinu, wanaume husogeza viti, na mtu asiyeheshimiwa jana leo awa mwalimu wa kijiji. Naye asikiaye hupata mshtuko mtamu wa moyo, tena hujiona ameungana na wenzake juu ya adui mmoja. Raha ya kukaribiana waliyoipata watoto motoni, watu wazima huipata katika uvumi. Lakini mgeni apitaye njiani ndiye ailipaye.

Je, tuwakataze watoto hadithi za zimwi? Hapana. Wako waliodhani ya kuwa hadithi hizo ni mambo ya giza yapasayo kusahauliwa, wala hawakuona ya kuwa Maandiko yenyewe hayaogopi kutisha: mkono ulioandika ukutani mbele ya Belshaza, Sauli usiku kule Endori, Danieli katika tundu la simba. Mtoto aliyezoea kusikia hadithi ya kutisha mpaka mwisho wake amepata kipimo. Ajua ya kuwa hofu ina mwanzo na mwisho, na ya kuwa mwenye kusimulia huijua njia ya kutokea. Asiyezoeshwa, hofu ya kwanza impatayo humchukua mzima mzima.

Kwa hiyo bibi na wasimulie. Nasi tulio watu wazima, habari ya kutisha ikitufikia kama jambo la kweli, tuulize mambo matatu kabla ya kuipitisha. La kwanza: ni nani aliyeona kwa macho yake, na jina lake nani? Si yule aliyesikia sokoni, wala shemeji wa dereva. La pili: aliyedhurika ni nani, na yuko wapi, apate kutazamwa? La tatu: nikiyasema haya, nani atapigwa? Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 13, ya 17 na ya 19, chaagiza kuuliza na kupeleleza kwa bidii, na kutomhukumu mtu kwa shahidi mmoja. Tena chaagiza ya kwamba shahidi wa uongo atendewe vile alivyonuia kumtendea mwenziwe. Sheria hiyo yatosha kwa kijiji cho chote cha Songwe.

Na wenye kengele, na ngoma, na vipaza sauti vya makanisa, wakumbuke ya kuwa vyombo hivyo viliwekwa kuwaita watu kwenye sala, na kwenye msiba, na kwenye moto wa nyumba. Siku watakapoambiwa vipigwe kwa ajili ya mnyonya damu, na wamtume kwanza mtu mmoja mtulivu akamwamkie mgeni yule, amwulize jina lake na kazi yake, na amtazame kama ana mkoba wa kupimia udongo.